Shule ya Mita Mia Mbili

Tangazo la halmashauri lilibandikwa Jumatatu asubuhi kwenye ubao wa nje ya ofisi, na ilipofika saa nne watu wote waliokuwa wakisubiri vyeti na vibali vyao walikuwa wamelisoma, wamelisonya na kurudi kwenye foleni. Lilisema kwamba kuanzia mwezi ujao hakuna atakayeuza sigara, ugoro wala tumbaku ya aina yoyote ndani ya mita mia mbili kutoka shule, chekechea au kiwanja cha kuchezea watoto. Wavutaji waliona wameonewa. Wazazi waliona wamekumbukwa. Mtu mmoja tu, aliyevaa shati lililopigwa pasi hadi likachoka na kalamu tatu mfukoni, aliona riziki.

Mtu huyo mtaani walimwita Msomi. Shule aliiacha darasa la saba, tena kwa kuhimizwa na walimu wenyewe, lakini hakuna aliyewahi kumwona bila faili kwapani. Katika mji ambao nusu ya watu huogopa karatasi na nusu nyingine huziheshimu bila kuzisoma, faili kwapani ni mtaji. Alikwisha kuuza vibali vya kuegesha mikokoteni, vitambulisho vya chama cha wauza barafu ambacho mwanachama wake alikuwa yeye peke yake, na mara moja, enzi za ubora wake, nafasi za mbele kwenye foleni ya ofisi hiyohiyo. Alijisifu kwamba hajawahi kumwibia mtu. Yeye humpa mtu nafasi ya kujiibia mwenyewe, kisha humsaidia kubeba.

Alilisoma tangazo mara tatu. Wengine walikuwa wamesoma "marufuku". Yeye alisoma "kutoka shule". Sheria haikusema shule iwe ipo tangu lini. Chini kabisa, kwa herufi za kusinzia, ilieleza kwamba shule ni mahali popote penye mwalimu mmoja, watoto wasiopungua kumi, na ombi la usajili lililogongwa muhuri. Msomi alivua miwani, ambayo vioo vyake havikuwa na kazi yoyote, akaifuta kwa ncha ya shati. Duka likiwa karibu na shule linafungwa, hilo lilieleweka. Sasa je, kama shule ndiyo itakayolifuata duka?

Ni haki tuseme hapa kwamba safari hii Msomi hakuwa akitafuta hela ya kula tu. Alikuwa anampenda mwanamke, na alimpenda kwa kweli, jambo lililomshangaza hata yeye mwenyewe. Mwanamke huyo alikuwa na cherehani kwenye kibaraza kilichotazamana na posta, na mtaa mzima ulimwita Fundi. Alikuwa na mkono mwepesi, ulimi mwepesi zaidi, na tepu ya kupimia shingoni tangu asubuhi hadi jioni. Mara mbili Msomi alikuwa amepeleka maneno ya posa, na mara mbili Fundi alikuwa ameendelea kushona kama hakusikia. Mara ya tatu alisimamisha cherehani.

"Mimi sikukatai wewe," alimwambia. "Ninachokataa ni kuolewa na faili. Uwe na mlango. Mlango wa kazi, unaofunguliwa asubuhi watu wakiona. Nakupa miezi mitatu. Baada ya hapo mjomba ana mtu wake, ana mashine ya kusaga."

Mwenye mashine ya kusaga hakuwa mtu wa kutungwa. Msomi alikwenda kumchungulia. Alikuwa mpana, mpole, mwenye unga hadi kwenye nyusi, na mashine yake ilinguruma kwa uhakika wa kutisha. Msomi alirudi nyumbani kwa dada yake, alikokuwa akilala kwenye kochi la sebuleni, na siku mbili hakula vizuri. Ile Jumatatu ya tangazo, miezi miwili na wiki moja ilikuwa imekwisha kukatika.

Basi, barabara ya soko ilikuwa na maduka mawili tu ya tumbaku ya jumla, na wenye maduka hayo walikuwa watoto wa mama mmoja. Juu, karibu na mzunguko wa magari, alikaa Mkubwa. Chini, mita mia moja na sabini kutoka hapo, alikaa Mdogo. Ndugu hawa walikuwa na miaka sita bila kusemezana, kwa ajili ya mizani ya marehemu baba yao ambayo kila mmoja alidai ameachiwa yeye. Mizani yenyewe ilikuwa mbovu. Ilikaa kwa Mdogo, chini ya kaunta, na haikuwahi kupima kitu tangu mzee alipofariki. Kwa mtu wa kazi ya Msomi, ndugu wawili wasiosemezana ni neema: unamwambia kila mmoja unachotaka, na hakuna wa kulinganisha.

Jumanne alipanda kwa Mkubwa akiwa na faili, koti la kung'aa la wapima barabara, na gurudumu la kupimia la aina ile inayosukumwa kwa mpini huku ikihesabu mita. Gurudumu alikuwa ameliazima kwa mtu ambaye hadi leo analitafuta. Mkubwa alikuwa mkono wa birika, mtu ambaye akikuuzia njiti ya kiberiti huwa anakutazama hadi uiwashe. Alimkaribisha Msomi bila kumpa kiti.

"Ungependa duka la kule chini lifungwe?" aliuliza Msomi kwa sauti ya mtu anayeulizia hali ya hewa. "Kisheria. Bila wewe kugusana na mtu."

Mkubwa aliacha kupanga pakiti. "Kisheria?"

"Kisheria kabisa. Na kwa faida ya watoto."

"Watoto gani?"

"Tutawatafuta."

Akamweleza. Mwisho wa barabara, kule chini kabisa, kulikuwa na karakana ya seremala iliyokaa tupu tangu seremala ahame. Shule ikifunguliwa pale, mlango wa Mdogo utakuwa mita tisini kutoka ukutani. Mkubwa, ambaye alikuwa mchoyo lakini si mjinga wa hesabu, aliuliza haraka yeye atakuwa mita ngapi. Msomi alilikokota gurudumu mbele ya macho yake, kutoka karakana hadi kizingiti cha duka la juu, wakiongozana kama watu wa mazishi. Lilisimama kwenye mia mbili na sitini. Mkubwa alitazama ile namba kwa muda mrefu, kisha akaenda chumba cha nyuma na kurudi na bahasha, uso umemkunjamana kama mtu anayeng'olewa jino bila ganzi. Atabaki yeye peke yake barabara nzima. Alitabasamu hadi jioni, na wateja waliingiwa na wasiwasi.

Huo ndio upande ambao Mkubwa aliuona. Upande wa pili Msomi alibaki nao mwenyewe. Mdogo akishabanwa na sheria atauza chumba chake pamoja na mali yote kwa bei ya kutupa, na mnunuzi atakuwa Msomi, kwa pesa za Mkubwa. Kisha shule, ambayo pango lake lingelipwa hadi Ijumaa ya wiki ya pili na si zaidi, itakufa kifo chake cha kawaida. Shule ikifa, hakuna mita za kupima. Jumatatu inayofuata Msomi atafungua mlango asubuhi, watu wakiona, na rafu zimejaa hadi darini. Alipomaliza kulipanga hilo kichwani aliona karibu atokwe na machozi kwa uzuri wake.

Kilichobaki kilikuwa mwalimu na sare. Kwa sare alikwenda kwa Fundi, na hapo akasema maneno ambayo yalikuwa kweli tupu, ndiyo maana yalimtoka kwa shida. Alisema anafungua shule.

"Shule," alisema Fundi. "Wewe."

Msomi alisema ndiyo, chekechea ndogo tu, na kwamba angehitaji sare kumi na mbili. Fundi alimtazama kuanzia viatuni hadi kwenye zile kalamu tatu, kisha akauliza mwalimu anaye. Alijibu kwamba bado, anatafuta mtu mzima aliyestaafu, mpole, asiye na maswali mengi.

"Ninaye," alisema Fundi, akarudi kwenye kitambaa chake.

Mwalimu alikuja kesho yake na mwavuli na mfuko wa turubai. Alikuwa mama mwenye umbo dogo, mvi kichwa kizima, aliyefundisha miaka thelathini na tano. Alikuwa na sauti ya chini iliyowalazimisha watu wainame ili wamsikie, na mtu akishainama mbele ya Mwalimu hujikuta ameshakubali. Msomi alimwelekeza kazi. Watoto wakae tu, wasigombane, na mtu wa halmashauri akipita awakute wanaimba. Mwalimu aliuliza kama ni kuimba tu. Msomi akasema ni kuimba tu, wiki mbili hazina haraka. "Haya, mwanangu," alisema Mwalimu, akafungua mwavuli kuuanika juani, akaanza kufagia vumbi la mbao.

Watoto kumi na wawili aliwaazima kwa kupita mlango kwa mlango, na kina mama waliwatoa kwa wepesi uliomshtua. Upande ule wa chini haukuwa na chekechea. Aliyetaka mwanawe asome alilazimika kumvusha barabara kuu ya malori, na wengi waliona heri abaki nyumbani. Alhamisi watoto walikuwa ishirini na tatu. Jumatatu walikuwa arobaini, na hawakuwa wanaimba. Walikuwa wamefika herufi M. Msomi alipopita nje kukagua, darasa zima lilisimama na kumwamkia shikamoo kwa sauti moja, naye aligeuka nyuma kuona ni nani amekuja.

"Watoto wamezidi," alimlalamikia Fundi. "Na wote wana sare. Nilikwambia kumi na mbili."

"Kitambaa kilibaki," alisema Fundi.

Msomi hakujua lolote kuhusu vitambaa. Aliliacha hapo.

Kwa Mdogo, Msomi alisubiri hadi ombi la usajili lilipogongwa muhuri, ndipo akateremka kwake na gurudumu. Huyu hakuwa kama kaka yake. Alikuwa mtu wa kuhema, aliyeuza tumbaku kwa kuwa baba aliuza tumbaku, na alipoambiwa yuko mita tisini kutoka shule alishika kichwa. Aliomba apime mwenyewe. Alipima kwa hatua ndefu akapata sabini na tano. Akapima tena kwa kubandika kisigino kwenye ncha ya kiatu, akapata mia tatu na kitu, akashangilia, hadi Msomi alipomweleza kwa huruma kwamba mita haijali saizi ya kiatu. Wakaketi juu ya katoni, Msomi akamsikiliza, na kwa kweli alijua kusikiliza. Mdogo alikiri kwamba tangu utotoni alichokitaka hasa ni kufuga kuku. Msomi alisema maisha hayana marudio. Siku ya tatu waliandikiana. Chumba, rafu na katoni zote vikawa vya Msomi, na Mdogo aliondoka akimshukuru kwa mikono yote miwili. Ilikuwa mara ya kwanza katika kazi ya Msomi kwa aliyeingizwa mjini kurudi mara mbili kumshukuru.

Sasa alikuwa na ufunguo mfukoni. Aliushika kila baada ya hatua tano kuhakikisha upo. Jumatano ile, akiwa anatembea hivyo kama mtu mwenye jipu pajani, Mwalimu alimwita kutoka mlangoni mwa karakana na kumpa rundo la karatasi.

"Ni za ofisi ya elimu, mwanangu. Weka sahihi hapa. Na hapa. Na hii ya maji, hapa. Na hii ya vyumba, hapa na hapa."

Msomi aliweka sahihi zote kwa kalamu yake bora akiwa amesimama, karatasi zikiwa juu ya mwavuli wa Mwalimu. Msomaji atashangaa kwamba mtu aliyekula jasho la wasiosoma karatasi hakusoma hata moja. Lakini tumtendee haki. Hizo zilikuwa karatasi za shule ambayo ingekufa Ijumaa. Azisome za nini? Mtu hasomi menyu ya hoteli anayoondoka. Tena moyo wake haukuwa pale. Alikuwa anapanga jinsi atakavyompa Fundi habari ya msiba wa shule, kwamba shule nyingi hufa changa, kwamba alijitahidi, kisha, baada ya kimya cha heshima, jinsi atakavyomwonyesha mlango.

Ijumaa asubuhi alikwenda dukani kwake kuzitazama katoni tu, maana hakuna sheria inayomkataza mtu kutazama. Alikuta nje ya mlango watoto ishirini wamepanga mstari, wawili wawili, wameshikana mikono. Mwalimu alikuwa mbele yao na mwavuli. Msomi alidhani wanapita. Aliwaamkia, akaingiza ufunguo, akafungua.

"Asante, mwanangu, kwa kutufungulia," alisema Mwalimu, na mstari ukaingia ndani.

Ukaingia wote. Nyuma yao waliingia wanaume wawili na ubao mweusi, na baba mmoja na benchi begani. Katoni zilianza kutoka moja moja na kupangwa nje kando ya ukuta, kwa adabu, na watoto waliokuwa wamefika herufi za kutosha walisoma kwa pamoja maandishi ya ubavuni mwa kila katoni iliyopita: uvutaji sigara ni hatari kwa afya yako. Waliyasoma kwa furaha kubwa.

Alimwambia Mwalimu, kwa sauti aliyotaka iwe ya kutulia, kwamba pametokea kosa, kwamba hiki ni chumba chake. Mwalimu alikubali kwamba ni chake kabisa. Alitoa kwenye mfuko wa turubai karatasi moja na kumwonyesha sahihi, nzuri, yenye mkia. Mimi mwanzilishi wa shule, ilisema, natoa chumba changu kilichopo barabara hii kuwa darasa la pili, muda wote shule itakapokuwapo.

"Lakini shule haipo! Pango linaisha leo."

"Lile la mwanzo linaisha, ndiyo. Kamati ya wazazi imelipa la mwaka," alisema Mwalimu, na Msomi alijikuta ameinama ili asikie vizuri. "Na usajili umetoka jana. Miaka thelathini na tano nimefundisha, mwanangu, na sijaona mwanzilishi anayeweka sahihi kwa moyo mweupe namna ile."

Mkaguzi wa halmashauri alikuwa tayari barabarani, kijana mkimya mwenye gurudumu la kweli. Alikuwa ameitwa kulikagua darasa la pili, na kwa kuwa sheria ilisema mita zihesabiwe kutoka ukuta wa darasa lililo karibu zaidi, aliliweka gurudumu kwenye ukuta wa lililokuwa duka la Mdogo na kuanza kupanda. Msomi alimtazama akipanda. Alijua namba kabla haijafika. Gurudumu lilisimama kwenye kizingiti cha Mkubwa: mita mia moja na sabini.

Kelele za Mkubwa zilifika chini kabla yake. Alikuja na vipande vya ilani ya kufungiwa duka mkononi, wateja wawili wakimfuata kwa starehe ya kuona, akitaka kujua yuko wapi yule mwenye koti la kung'aa. Na kama siku haijatosha, kutoka upande wa pili akatokea Mdogo, manyoya ya kuku kwenye mkono wa shati, amekuja kuchukua mizani ya baba aliyoisahau chini ya kaunta. Ndugu hao wawili walikutana uso kwa uso kwenye rundo la katoni, baada ya miaka sita, na mizani, iliyotolewa nje pamoja na katoni, iko katikati yao juu ya benchi la watoto.

Mdogo alihema. Alisema, bila kumtazama kaka yake, kwamba alikuwa amekuja kuichukua tu, lakini kama kaka anaitaka basi aichukue, haipimi. Mkubwa alisema anajua haipimi. Kisha akamuuliza chumba amemuuzia nani, na kwa kiasi gani. Mdogo akamwambia. Mkubwa akamwambia naye bahasha yake ilikuwa na kiasi gani. Walisimama wakitazamana huku hesabu ikijipanga vichwani mwao, na zile sura mbili zilizokuwa zimesahau kufanana zikafanana kabisa. Wakageuka pamoja.

Msomi alijitetea kwa ufasaha wa hali ya juu, ambao sitaurudia kwa kuwa haukumsaidia. Hawakumpiga, kwa sababu watoto ishirini walikuwa dirishani wakiangalia na Mwalimu alikuwa amekohoa mara moja. Walichukua katoni zote. Waliazima mkokoteni, wakazipakia, wakaweka mizani juu, na wakapanda barabara wakiusukuma pamoja, Mkubwa akimwambia Mdogo asukume kwa nguvu na Mdogo akimwambia yeye ndiye anayesukuma. Inasemekana walifungua duka moja ng'ambo ya reli, mita mia sita kutoka kwa mtoto yeyote.

Msomi alibaki kando ya ukuta na faili lake. Nyuma yake darasa la pili lilianza herufi N. Alikuwa amepoteza katoni, chumba, na miezi miwili na nusu, na zilibaki siku kumi na mbili tu kabla ya mtu wa mashine ya kusaga. Hakukasirika, jambo la ajabu. Alichohisi ilikuwa aibu ya fundi wa siku nyingi aliyeonyeshwa kazi safi kuliko yake. Ndipo akakumbuka ni nani aliyemletea Mwalimu, na sare arobaini, na kitambaa kilichobaki. Akavuka kwenda kwenye kibaraza mbele ya posta.

"Ulijua," alisema.

Fundi alikata uzi kwa meno. "Mwalimu ndiye aliyenifundisha kusoma. Miaka minne anazungushwa ofisini, hana jengo, hana mwanzilishi. Halafu unakuja wewe unatafuta mwalimu asiyeuliza maswali."

"Mngeniomba tu."

"Tungekuomba ufungue shule, ungekubali?"

Msomi alifikiri. Alikuwa mwongo wa kazi, lakini si wa kupindukia. "Nisingekubali."

"Haya."

Alikaa kwenye ngazi ya kibaraza. Akauliza, akitazama viatu vyake, habari za yule mwenye mashine. Fundi alisema alikwenda kwa mjomba juzi akamwambia asihangaike, amekwisha kupata mtu, ana mlango unaofunguliwa asubuhi na mtaa mzima unaona. Mwalimu anataka mwandikishaji, aliongeza, na hakuna mtu mji huu anayejua fomu kama yeye. Mshahara si mkubwa, lakini upo.

"Kwa hiyo mlinichagulia kazi, mkanichagulia na mlango."

"Mlango uliununua mwenyewe," alisema Fundi. Kisha sauti yake ikalegea kidogo. "Juzi nilikuona pale chini. Umechuchumaa unamfunga mtoto kamba za viatu. Ulidhani hakuna anayekuona."

"Alikuwa ananizibia njia."

"Ndiyo," alisema Fundi. "Nikamwambia mjomba siku ileile."

Walikwenda kwa afisa wa ndoa baada ya wiki nne, siku ya kazi, Fundi katika gauni alilojishonea na Mwalimu kama shahidi. Dada yake Msomi alikuja pia, kwa furaha ya kurudishiwa kochi. Afisa alisukuma fomu mezani na kumwonyesha Msomi mahali pa sahihi. Msomi hakuchukua kalamu. Aliivuta fomu karibu, akavaa miwani, akaivua kwa kuwa ilikuwa inamzuia kuona, na akaanza kusoma kutoka jina la ofisi.

Alisoma ukurasa wa mbele wote. Akaugeuza, akasoma wa nyuma. Akauliza kama kuna karatasi nyingine chini yake, na afisa akainua fomu kwa vidole viwili kumwonyesha meza tupu. Watu kwenye foleni walianza kunung'unika. Msomi alirudi kwenye mstari mmoja na kuuwekea kidole.

"Hapa panasema ni kwa hiari yangu mwenyewe."

"Ndivyo panavyosema," alisema Fundi.

"Na hakuna kingine?"

"Hakuna."

Alimtazama Mwalimu, ambaye alikuwa akitazama feni ya darini. Alimtazama Fundi, ambaye hakuangalia pembeni. Akausoma ule mstari kwa mara ya mwisho akitafuta mtego, hakuuona, na hapo ndipo alipogundua kwamba hata angeuona angeweka sahihi vilevile. Moyo ulimjaa hadi akakosa pa kuuweka. Aliweka sahihi, yenye mkia, akasogeza fomu upande wa pili pamoja na kalamu.

Fundi aliichukua kalamu, akakaa vizuri kwenye kiti, na kwa kuwa alijua vyema anaolewa na nani, akaanza kuisoma fomu upya kutoka juu.